Beringi mpya ya nyuma imeanza kuvuma tena: nibadilishe zote nne?

"Habari za kazi, fundi. Ninaishi Kiamunyi hapa Nakuru na nina Mazda Roadster ya mwaka 2001, injini ya 1800, gia za mkono. Desemba iliyopita gurudumu la nyuma kulia lilikuwa linavuma, nikabadilishiwa beringi nikiwa nyumbani Kisumu. Fundi aliigonga kwa nyundo na kipande cha bomba, ikaingia, gari likanyamaza. Miezi minne baadaye mvumo umerudi. Unaanza nikifika 60, na nikifika 90 tunalazimika kupaza sauti ndani ya gari. Nikikata kona ya kushoto unazidi, nikikata ya kulia unapungua. Gereji moja hapa Nakuru wameniambia beringi zikifika hapo hubadilishwa zote nne. Fundi mwingine anasema ataifungua hii iliyopo aijaze grisi, mambo yaishe. Rafiki yangu ananishauri niagize habu za mtumba kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Huwa nasafiri Kisumu kila mwezi, na nikifika gari huoshwa kule ufukweni likiwa limeingizwa ziwani. Nimefunga pia spesa za milimita 20 nyuma ili rimu zijae vizuri. Mwisho wa mwezi ni harusi ya dada yangu Kisumu. Nifanye nini, na je, naweza kwenda nalo?"

Nzuri, ndugu yangu, na asante kwa kueleza kila kitu mpaka spesa na ziwa, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo humo. Nikikuelewa, unaumizwa na mambo mawili: umelipia beringi mpya na imekufa mapema, na sasa kila unayemuuliza anakupa dawa yake. Nikupe jibu fupi kwanza. Usibadilishe zote nne. Usikubali kujaziwa grisi. Kwa dalili ulizotaja, tatizo liko upande wa kulia, na ninashuku sana ile ile ya nyuma iliyofungwa Desemba. Nayo sidhani ilikufa kwa uzee wala kwa ubovu wa kiwandani. Iliumizwa siku ile ile ilipofungwa, kisha maji yakamalizia kazi.

Lakini kushuku hakutoshi. Kabla ya kununua chochote, thibitisha, kwa sababu gari hili dogo lina vitu vingine vitatu vinavyoweza kuvuma karibu sawa: tairi, difu (lile boksi la gia kati ya magurudumu ya nyuma) na breki. Tairi iliyolika kwa mawimbi hutoa mvumo unaobadilika kulingana na barabara. Ukitoka kwenye lami laini ukaingia kwenye ile yenye kokoto zilizojitokeza, sauti ya tairi itabadilika papo hapo, ilhali ya beringi itaendelea vile vile. Difu nayo hufuata mguu wako: ukikanyaga mafuta inalia hivi, ukiachia inalia vingine au inanyamaza. Beringi haijali mafuta. Tafuta mahali palipo wazi na salama, fika 80, kanyaga klachi uliache gari litiririke. Mvumo ukibaki na ukashuka taratibu pamoja na kasi, ujue chanzo kinazunguka na gurudumu, hakizunguki na injini. Breki nayo hujitambulisha yenyewe, kwani ukigusa pedali kidogo sauti hubadilika mara moja.

Ile dalili ya kona ni ya kweli na umeiangalia vizuri. Gari likikata kushoto, uzito huhamia magurudumu ya kulia, kwa hiyo beringi mbovu ya kulia hulia zaidi. Ila beringi hizi zina safu mbili za gololi, na mara moja moja ni safu ya ndani iliyoharibika, ambayo huweza kukupa dalili ya kinyume. Ndiyo maana mimi huchukulia kona kama dokezo tu, hukumu naiachia mkono.

Kipimo cha mkono ni hiki, na unaweza kukifanya nyumbani Kiamunyi mahali palipo sawa. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, mbele na nyuma, kwa sababu ukiinua nyuma unapoteza breki ya mkono. Inua, kisha tegesha gari juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na mawe ya ujenzi hupasuka bila kutoa onyo. Toa gia, achia breki ya mkono. Sasa weka vidole vya mkono mmoja juu ya springi ya gurudumu hilo na kwa mkono mwingine lizungushe gurudumu polepole. Springi ni koili ya chuma na huleta mtikisiko mdogo kabisa moja kwa moja kwenye vidole. Beringi nzima huhisi kama hakuna kitu. Iliyoharibika utaihisi ikikwaruza, kama mchanga mwembamba unaopita chini ya kucha. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, ukilinganisha kulia na kushoto. Difu itasumbua kidogo upande wa nyuma kwa sababu shafti inazunguka pia, lakini mkwaruzo wa beringi ukishauhisi mara moja hutausahau.

Baada ya hapo shika tairi juu na chini, vuta na usukume. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha jaribu tena. Mchezo ukitoweka wakati breki imebanwa, ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi (viungo vya gololi) au bushi za mpira, maana breki hufunga habu, yaani kitovu kinachofungwa gurudumu, na kile chuma kinachoibeba kuwa kitu kimoja, na kinachoendelea kucheza kiko nje ya hapo. Kosa hili limewafanya watu wengi wabadilishe beringi nzima huku boljointi ikiendelea kulegea.

Sasa tuje kwenye nyundo, kwa sababu hapa ndipo pesa yako ilipopotelea. Beringi ya gurudumu ni pete ya nje, pete ya ndani, na kati yake gololi za chuma kigumu zinazokimbia kwenye mifereji iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Gari lako lina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,000, na limegawanyika karibu nusu mbele na nusu nyuma, kwa hiyo kila gurudumu hubeba takriban kilo 260 likiwa limesimama. Mzigo huo wote unapita kwenye vidoa vidogo sana ambapo gololi inagusa mfereji. Beringi imetengenezwa kubeba mzigo huo ikiwa inazunguka, na kwa ukarimu mkubwa, kwani hata ukipita kwenye tuta kwa kasi huvumilia. Kisichovumilika ni pigo la ghafla linalovuka gololi ikiwa imesimama. Gololi hukandamizwa kwenye mfereji na kuacha kishimo, kingine kando yake, kingine tena, kwa umbali ule ule wa gololi hadi gololi. Wahandisi huziita alama hizo kwa jina la Johan August Brinell, Msweden aliyeonyesha mwaka 1900 njia ya kupima ugumu wa chuma kwa kukandamiza gololi juu yake. Fundi akigonga beringi yako kwa nyundo anarudia kipimo hicho hicho, ila chuma kinachopimwa ni chako.

Beringi yenye vishimo hivyo siku ya kwanza hunyamaza. Grisi ni mpya na vishimo ni vidogo. Lakini kila mzunguko gololi inapita juu ya kingo zake, kingo zinaanza kumeguka, vipande vya chuma vinachanganyika na grisi na kuwa kama msasa, na baada ya wiki au miezi kadhaa mvumo unarudi. Kwa hiyo kunyamaza kwa Desemba hakukuwa ushahidi kwamba kazi ilifanywa sawasawa.

Kanuni yenyewe ni moja, na ningependa uishike kuliko jambo lolote lingine hapa: nguvu ya kuingiza isipite kwenye gololi kamwe. Beringi inapoingizwa kwenye chuma kinachobeba habu, isukumwe kwa pete ya nje peke yake, kwa kuwa ndiyo inayobana humo. Habu inapoingizwa ndani ya beringi, pete ya ndani lazima iwe imeegemezwa kwa bomba lenye kipimo chake kutoka upande wa pili, ili nguvu iishie hapo. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayoua beringi nyingi. Fundi anaweka beringi vizuri kabisa, kisha anageuza kile chuma, analalisha kwenye sakafu na kugonga habu kutoka juu. Pete ya ndani haijashikwa na kitu, kwa hiyo kila pigo linatoka kwenye habu, linapita kwenye pete ya ndani, linavuka gololi na kuishia kwenye pete ya nje. Hata presi ya tani 20 itafanya uharibifu huo huo ikitumiwa bila kuegemeza, tofauti ni kwamba presi haipigi kelele.

Kuhusu ziwa. Najua kule ufukweni ni burudani yake, unakula samaki gari likioshwa. Lakini fikiria gari limetoka wapi. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu karibu 1,130. Umeteremka ukishika breki mpaka Awasi, diski zimepata moto, habu zimepata moto, na hewa iliyo ndani ya beringi imepanuka. Kisha habu hiyo inazamishwa kwenye maji baridi. Hewa inajikunyata na kutafuta cha kujaza nafasi. Funga chupa tupu ya maji ukiwa Mau Summit, ukifika Ahero utaikuta imebonyea. Sili ya beringi haiwezi kubonyea namna hiyo, kwa hiyo inanyonya kilicho karibu nayo, na kilicho karibu ni maji ya ziwa yenye tope laini. Sili za magurudumu zimetengenezwa kuzuia maji yanayorushwa na barabara, si kuzamishwa zikiwa na moto. Maji yakishaingia, grisi inapoteza utando unaotenganisha gololi na mfereji, na gari likilala siku mbili tatu kutu inaanza kuchimba pale gololi ziliposimama.

Sisemi usioshe gari. Lioshwe nchi kavu, baada ya kupoa, na mwenye mashine ya presha asielekeze mdomo wake katikati ya rimu. Vumbi letu la Nakuru lina ulaji wake pia, lakini vumbi huingia polepole. Maji yanaweza kuingia mchana mmoja.

Na hapo utaona kwa nini grisi haitakusaidia. Beringi ya Roadster imefungwa kiwandani na sili zake, grisi ikiwa ndani kwa kipimo. Kinachovuma kwako ni chuma kilichomeguka, na grisi hairudishi chuma. Fundi akiifungua sili kwa bisibisi, atapunguza sauti kwa muda, na sili iliyopindwa haitarudi kukaza. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa magari ya zamani yenye beringi za koni ambazo hufunguliwa, huoshwa, hupakwa grisi na kukazwa upya. Hata leo matrela mengi na baadhi ya pikapu huishi hivyo. Kwa hiyo huenda fundi huyo hakukudanganya. Ametumia elimu ya gari lingine.

Zote nne je? Pedi za breki hubadilishwa kwa jozi kwa sababu kulia na kushoto zikitofautiana gari linavutwa upande. Beringi hazina sharti hilo. Nzima ya kushoto haidhuriki kwa kukaa na mpya ya kulia. Anayekuambia zote nne anakuuzia amani ya moyo kwa bei ya beringi tatu, na kama atazifunga kwa nyundo atakuharibia tatu zilizokuwa salama. Badilisha zile tu ambazo springi imekuonyesha.

Isitoshe, mbele na nyuma ni kazi mbili tofauti kabisa kwenye gari hili. Mbele, beringi na habu ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani. Unatoa kalipa inayobana pedi za breki, unatoa diski, unafungua nati kubwa ya katikati, habu inatoka mzima na mpya inaingia kwenye ekseli yake bila presi. Mtu mwenye vifaa sahihi na subira anaweza kuifanya mwenyewe asubuhi moja. Kama gari lako lina ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasigande, hakikisha habu unayonunua ina ile pete yenye meno kwa nyuma, la sivyo taa itawaka kwenye dashibodi na hutajua imetokea wapi. Nyuma, beringi imebanwa ndani ya chuma kinachoibeba na habu imebanwa ndani ya beringi, na shafti kutoka kwenye difu inapita katikati. Hapo presi ni lazima.

Habari njema ni kwamba presi haihitaji gari lako, inahitaji kile chuma tu. Kama fundi wako ni mwangalifu lakini hana presi, afungue chuma chote kikiwa na habu yake, mkipeleke kwa boda mpaka karakana yenye presi au kwa wachonga vyuma wa mashine za lezi. Simama pale uangalie. Hatua zinapaswa kwenda hivi. Habu inasukumwa itoke. Mara nyingi hutoka na kipande cha pete ya ndani kimeng'ang'ania shingoni mwake. Hicho hukatwa kwa grainda karibu kufika mwisho, kisha hupasuliwa kwa patasi. Grainda isiguse shingo ya habu yenyewe, kwa maana mkwaruzo hapo ndio utakaoikata beringi mpya inapoingia au kuifanya ikae vibaya. Inatolewa pete ya chuma inayoifunga beringi isitoke, halafu beringi inasukumwa. Tundu linasafishwa mpaka ling'ae. Mpya inaingizwa kwa pete ya nje, pete ya kufungia inarudishwa na kukaguliwa kama imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima, mwisho habu inaingizwa huku pete ya ndani ikiwa imeegemezwa. Kuilaza beringi mpya kwenye friza usiku mmoja, ikiwa ndani ya mfuko wake, husaidia iingie kwa urahisi. Moto wa gesi kwenye chuma sitaki kuuona.

Ukiona presi imekwama na mtu anainua nyundo, mwambie asimame. Huenda beringi imeingia upande, na ikilazimishwa italitoboa vibaya tundu lenyewe. Tundu likipanuka, beringi yoyote utakayoweka itazunguka humo ndani, na hapo utahitaji chuma kingine kabisa.

Wakati wa kufungua, kalipa itundikwe kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake. Bolti ndefu ya chini inayopita kwenye chuma hicho hupenda kushikwa na kutu, hivyo inyunyiziwe mafuta ya kupenya siku moja kabla. Wengine watakuambia lazima ufanye alaimenti baadaye. Kwenye Roadster, bolti za kurekebishia ziko upande wa ndani wa ule mkono wa chini unaoshikilia gurudumu. Zisipoguswa, alaimenti haibadiliki. Zikiguswa, fanya.

Kisha nati ya katikati, ambayo nadhani ni mshukiwa wa tatu katika kesi yako. Watu huiona kama nati ya kuzuia shafti isitoke tu. Kumbe ndiyo inayobana nusu mbili za pete ya ndani zikae pamoja kwa nafasi iliyokusudiwa na aliyeitengeneza. Ikilegea, pete zinasogea na gololi zinapigana. Ikikazwa kupita kiasi kwa mashine ya upepo, beringi inabanwa na kupata moto. Kwa nyuma kipimo chake ni zaidi ya newton-mita 200, mara mbili ya nati za rimu, ambazo kwa gari hili hukazwa kati ya 88 na 118. Kipimo kamili kisomwe kwenye kitabu cha karakana cha modeli yako na kikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Muulize fundi kama anayo kabla hujampa kazi. Asipokuwa nayo, azima au kodi. Jibu la "mkono wangu unajua" usilikubali kwa nati hii. Nati iwe mpya, na baada ya kukazwa ukingo wake ugongwe uingie kwenye ule mfereji wa shafti ili isijifungue.

Kuna mtego hapa wa mpangilio. Nati hiyo ikazwe kikamilifu gurudumu likiwa hewani, mtu akiwa amekanyaga breki, kabla uzito wa gari haujaiangukia beringi. Gari lisishushwe wala kusukumwa hata hatua moja nati ikiwa imelegea. Lakini zile bolti zinazopita kwenye bushi za mpira hufuata kanuni ya kinyume: hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwa kimo chake cha kawaida, la sivyo mpira unabaki umesokotwa na kupasuka mapema. Fundi akijua tofauti hiyo bila kuambiwa, umempata fundi.

Spesa zako za milimita 20 sizifichi. Gurudumu likisogezwa nje, uzito wake hauko tena juu ya katikati ya beringi, na kila kona, kila shimo, linaikunja beringi kwa nguvu zaidi kuliko alivyokusudia mbunifu. Wepesi wa gari hili ndio unaofanya beringi zake zidumu, na spesa zinakula sehemu ya faida hiyo. Hazikuua beringi yako kwa miezi minne peke yake, hilo ningeshangaa. Lakini ungeniuliza, ningezitoa. Kama unataka rimu zijae, tafuta rimu zenye kipimo kinachofaa badala ya kuzisukuma kwa vipande vya aluminiamu.

Sasa spea. Gari la 2001, kwa kanuni yetu ya kutoingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, liliingia nchini zamani, na magari ya aina yake ni machache, kwa hiyo usitarajie kila duka la Nakuru liwe nayo rafuni. Habu ya mtumba kutoka Kirinyaga Road ni kubahatisha: hujui ilizamishwa wapi, na beringi ikishatolewa kwenye chuma kwa nguvu haifai kurudishwa. Ningeikubali kwa hali moja tu, yaani ukipata chuma kizima cha nyuma kikiwa hakijafunguliwa, ukakizungusha mkononi na kukisikia kimenyamaza, na chako tundu lake likiwa limeharibika. Vinginevyo nunua beringi mpya ya kampuni inayojulikana kwa kazi hiyo, NSK, NTN, Koyo au SKF. Bandia zipo na hufungwa kwenye maboksi mazuri. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye pete yenyewe kama yamenyooka na kusomeka, na namba yake ioane na ya boksi. Kisha linganisha bei kwa wauzaji wawili watatu. Ile iliyo chini sana kuliko nyingine zote iache dukani. Omba risiti yenye namba ya spea. Na usifungue gari kabla beringi haijafika mkononi.

Harusi ya dada yako. Kutoka hapa hadi Kisumu ni kama kilomita 180, Salgaa, Mau Summit, Kericho, Ahero, na mteremko wake unaujua. Kama springi imekuonyesha mkwaruzo mdogo, gurudumu halichezi hata kidogo, na katikati ya rimu hakuna joto kuliko ya upande wa pili, gari hili linaweza kukupeleka kazini na kukurudisha kwa siku chache ukisubiri spea, kwa mwendo wa pole. Safari ya Kisumu na kurudi, ukiwa na watu wa familia ndani, mimi nisingeifanya. Beringi haikupi ratiba ya kufa. Ikishaanza kucheza, diski inayumba na kusukuma pedi za breki nyuma, kwa hiyo siku utakayokanyaga breki kwenye mteremko wa Sachangwan pedali itazama kwanza kabla ya kushika. Ikiendelea, habu inaweza kukatika na gurudumu likaondoka.

Ukisikia mkwaruzo wa chuma badala ya mvumo, ukiona gurudumu linacheza, pedali ya breki ikianza kuzama, taa ya ABS ikiwaka yenyewe, au ukinusa harufu ya kuungua karibu na gurudumu moja, hapo simamisha gari na uite mtu wa kulivuta. Usilikokote "mpaka gereji tu".

Una wiki kadhaa. Jumamosi hii fanya kipimo cha springi kwa magurudumu yote. Likithibitika la nyuma kulia, agiza beringi na nati mpya, tafuta karakana yenye presi na spana ya kupimia, na umwombe fundi akuonyeshe pete za beringi ya zamani akishaipasua. Ukiona vishimo vimepangana kwa umbali sawa kwenye mfereji, ni nyundo. Ukiona kutu na grisi iliyogeuka rangi ya maziwa, ni ziwa. Ukiona imemeguka upande mmoja tu wa pete, zungumza naye kuhusu spesa na nati. Baada ya kufunga, endesha kama kilomita 100 ndani ya mji na viunga vyake, kaza tena nati za rimu, rudia kipimo cha mkono kwenye springi, ndipo upange safari. Spea zisipofika kwa wakati, panda matatu uende harusini.